Patanti ya Gaspard

Mama Odeta tulimzika Jumanne, na Jumatano asubuhi mwanawe wa kiume akaja kwangu Niboye akiwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Hakutaka kukaa. Alisema mama yake, kabla hajakata kauli, aliagiza kitu hicho apewe Godi, kwa kuwa Godi ndiye mtu wa karatasi. Godi ni mimi, Godeliva. Katika maisha yangu yote ni yeye peke yake aliyenifupisha hivyo. Alikuwa mwajiri wangu wa kwanza. Nilifungua kitenge nikakuta fremu ya mbao yenye kioo, na ndani ya kioo leseni ya mwisho ya duka lake la mikate la Nyamirambo, yenye jina lake na muhuri. Nikaisimamisha mezani, ikiegemea chupa ya chai, na kwa siku tatu nikawa nakula nikitazamana nayo. Makaburini sikulia. Sisi wa umri wangu hapa Kigali tunajuana kwa jambo hilo: tunalia siku isiyotarajiwa, sokoni, mbele ya fungu la nyanya, na mazikoni tunasimama tukitazama viatu vyetu. Sikuwa na uchungu wala hasira. Nilikuwa nakula tu, na fremu iko pale.

Habari za wazazi wangu na za utoto wangu Bujumbura nitaziacha. Mwaka ninaotaka kuuandika ni 1994, na kwangu mimi mwaka huo ulikuwa na miezi mitano, tangu Agosti hadi Krismasi. Yaliyotokea Kigali kabla ya hapo sikuyaona. Niliyasikia redioni nikiwa ng'ambo ya mpaka, na nilipofika yalikuwa yamekwisha. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, cheti cha shule ya masista, mwandiko mzuri na sanduku moja. Lori lilitushusha Nyamirambo, nikaambiwa kuna mama mmoja aliyerudi kutoka ukimbizini Karagwe, upande wa Tanzania, amefungua duka la mikate na anatafuta msichana anayejua Kifaransa. Nilimkuta mlangoni amejifunga khanga mbili, anapembua mchele kwenye ungo. Aliniuliza kama naweza kusoma barua ya serikali nikaielewa. Nikasema naweza. "Basi ingia," alisema, "maana mimi Kifaransa nakisikia kama mvua kwenye bati." Huo ndio uliokuwa usaili wangu wa kwanza na wa mwisho.

Duka lilikuwa chumba kimoja kikubwa chenye kaunta ya mbao, nyuma yake chumba cha kukandia unga, na nyuma kabisa, chini ya paa la mabati, tanuri la matofali la kuni. Pembeni kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu. Vyote hivyo Mama Odeta alivikuta vitupu na wazi, kama wengi walivyovikuta, akaingia. Madirisha hayakuwa na vioo, umeme haukuwepo, maji tulichota bondeni. Nilipewa chumba chenye kitanda cha mbao nyekundu, kitanda cha mtu nisiyemjua, na nikalala vizuri. Ningependa kusema kwamba nilikesha nikiwaza. Nililala fofofo, na asubuhi nikala uji na mkate wa moto, nikaomba nyongeza. Kwenye msumari wa chumba cha unga paliachwa aproni ya turubai, na mfukoni mwake kipande cha penseli nene ya seremala. Aproni Mama Odeta aliifua akaivaa. Penseli nilichukua mimi.

Kitu ambacho hakuna aliyekigusa kilikuwa ukutani, juu kidogo ya kaunta, ndani ya fremu yenye kioo kilichopona. Ilikuwa patanti, leseni ya biashara ambayo huku mfanyabiashara hulipia kila mwanzo wa mwaka na ambayo sheria ilimtaka aitundike mahali mteja yeyote anaweza kuisoma. Ilikuwa ya mwaka uleule wa 1994, imelipiwa Januari, kwa jina la mtu aliyeitwa Gaspard. Jina lake la pili sitaliandika hapa. Jina lilijazwa kwa kalamu ya wino na karani fulani, na chini yake Gaspard mwenyewe alikuwa ametia saini kwa kalamu ya kawaida, haraka haraka, saini yenye mkia mrefu. Kwenye pembe ya karatasi palikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta. Nilidhani siku ya kwanza kwamba Mama Odeta ataiondoa. Lakini yeye kule Karagwe alikuwa na duka la nguo kuukuu, na kule alijifunza kwamba mkaguzi akiingia dukani hatazami bidhaa wala sura yako, anatazama ukuta. Ukiwa mtupu, unafungiwa siku hiyohiyo. "Wewe iache," aliniambia. "Huyu bwana kalipa mwaka mzima. Mwaka haujaisha." Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayezungumzia kodi ya nyumba ya jirani, na tukaendelea kuuza mikate chini ya jina la Gaspard.

Watu wanaosema serikali ikiondoka sokoni biashara hustawi, natamani wangeuona mtaa wetu wa Agosti na Septemba mwaka ule. Hakuna aliyetudai ushuru. Hakuna aliyepima mkate wala kuuliza unga umetoka wapi. Uliuza saa uliyotaka, kwa fedha ya nchi uliyotaka, na kama hukupenda sura ya mteja ulimwambia bei nyingine. Kwa siku chache tulijiona tumebahatika. Kisha nikaanza kuona kwamba hakuna anayenunua kitu kisichoweza kubebwa. Mama Odeta alinunua unga wa siku mbili, hakununua wa siku tatu. Tanuri lilikuwa na ufa upande wa kushoto, moshi ukitoka pale na kutuchoma macho, na kila siku alisema atauziba, na hakuuziba. Jirani yetu muuza sabuni alipanga sabuni zake juu ya masanduku aliyokuja nayo, hayajafunguliwa misumari. Mtaa mzima uliishi umekaa ukingoni mwa kiti. Jana nyumba ilikuwa ya mwenzio na leo asubuhi wewe umeamka ndani yake. Nani angeweka kioo kwenye dirisha ambalo kesho litakuwa la mwingine? Mazungumzo yaliyonifikia kwenye kaunta yalikuwa hayohayo: kwamba ofisi zitafunguliwa, kwamba mwenye risiti ndiye atakayekaa.

Amri ya kwanza ilikuja Septemba, kutoka kwa mkuu wa mtaa, nayo ilikuwa ndogo: kila anayeuza chakula aandike bei na azitundike. Mama Odeta alifurahi kama mtu aliyeletewa barua kutoka nyumbani. Nilikata upande wa katoni, nikachukua ile penseli ya aproni, nikaandika bei za mkate mkubwa, mkate mdogo na mandazi, kwa mwandiko wa kulalia kulia ambao masista walinifundisha kwa rula. Tuliitundika chini ya patanti. Wateja waliisifu. Mwanajeshi mmoja alisimama akaisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini, akanunua mandazi mawili, akasema sasa anaona nchi ipo. Kila wiki bei zilipobadilika niliandika katoni mpya, na mwandiko wangu ukawa unajulikana mtaani kuliko mimi.

Miongoni mwa wateja alikuwapo mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani, aliyekuja kila asubuhi kununua mkate mmoja mdogo. Alisimama mbele ya kaunta kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji, akitazama ukuta, na mimi nilidhani anasoma bei. Alinisemesha Kiswahili cha pale Nyamirambo. Kinyarwanda angeweza, na mimi Kirundi changu angekielewa, lakini siku zile lafudhi ya mtu ilikuwa ikiulizwa maswali mengi, na Kiswahili kilikuwa lugha ya kupumzikia. Siku moja mwanzoni mwa Oktoba, Mama Odeta akiwa ameenda kutafuta hamira, mwanamke yule aliniuliza kama anaweza kuona tanuri. Nikampeleka nyuma. Hakushangaa chochote. Alienda moja kwa moja upande wa kushoto, akaweka kiganja kwenye matofali.

"Iko napasuka palepale," alisema. "Kila mwaka. Mbele ya mvua munaziba na udongo na chumvi, udongo ya bondeni, isikuwe ya njiani."

"Umejuaje?"

"Kaka yangu alikuwa naziba hivyo."

Nilimuuliza kama kaka yake ni Gaspard. Akasema ndiyo, Gaspard, na yeye ni Verediana, na nisitafute mwingine kwa sababu hakuna. Alisema maneno hayo kwa sauti ileile ya kuomba mkate mmoja. Nilimuuliza anataka nini, na hata sasa naliona swali hilo lilivyokuwa baya.

"Mimi sitaki kitu, dada. Ile kalatasi ya ukuta tu, musiitupe. Iko na saini yake. Mapicha yote ilienda. Ni ile tu nabaki na mukono wake."

Tukarudi dukani, akalipia mkate wake, akaenda. Mchana ule, tukila maharage na ndizi za kuchemsha kwenye mkeka nyuma ya nyumba, nilimweleza Mama Odeta. Alitafuna polepole. Sijawahi kumwona akitafuna polepole vile.

"Kaomba nini?" aliniuliza.

"Hajaomba kitu. Kasema karatasi isitupwe."

"Basi haitatupwa. Na kama hajaomba kingine, wewe usimwombee." Kisha akanisogezea bakuli la maharage na kuniambia nimekonda. Kesho yake mkate mdogo wa Verediana ukawa mkubwa kidogo, kwa agizo la Mama Odeta, bila neno. Verediana aliupokea, akautazama, akaacha mezani bei ya mkate mkubwa. Tangu hapo tukamwuzia ule mdogo kama mwanzo.

Novemba ofisi ya kodi ikafunguliwa, na akaja kijana mmoja akiwa na shati lililopigwa pasi, la kwanza kuliona tangu nifike. Alikuwa amekulia Uganda; Kifaransa hakukijua kabisa, na fomu zote alizobeba zilikuwa za Kifaransa. Alisalimia kwa adabu, akavua kofia, na kama Mama Odeta alivyotabiri, akatazama ukuta.

"Mama, mimi sikukuja kufunga mtu," alisema. "Gavumenti inataka kujua tu nani iko wapi. Sasa wewe ndiyo Gaspard?"

"Gaspard kalipa mwaka mzima," Mama Odeta akajibu. "Soma mwenyewe hapo."

Kijana akasogea, akasoma, akatikisa kichwa. "Amelipa kweli. Lakini yeye haiko, mama. Hii ya zamani utairudisha, utakuja ofisi Jumatatu, utajaza fomu, utapewa yako." Alikula andazi moja akasisitiza kulilipia. Alikuwa mtu mwema, na nalisema hili kwa sababu katika habari hii nimemtafuta mtu mbaya nikamkosa.

Jumatatu tulikuta foleni imezunguka jengo. Sijaona tena katika maisha yangu watu wakipigania nafasi ya kwenda kutozwa kodi. Walikuja na nguo za kanisani. Waliokuja kutoka Bujumbura, Karagwe, Kampala, kila mmoja na jinsi alivyozoea: wengine wameshika vitambulisho vya ukimbizi, wengine risiti za masoko ya mbali, mwanamke mmoja amekuja na mizani yake ya dukani akidhani itapimwa. Ndani ya ukumbi kulikuwa na meza mbili. Yule kijana alitupitia akieleza, kwa sauti moja, foleni nzima. Fomu ina sehemu ya anayefanya biashara sasa, na sehemu ya aliyekuwa akifanya biashara hapo zamani. Kama yule wa zamani unamjua, au unamjua ndugu yake, unaenda meza ya pili. Pale wanaandika, wanatafuta wenyewe, na duka linafungwa kwa kashe, lakiri ya serikali, mlangoni mpaka watakapoona. Kama humjui, unabaki meza ya kwanza, unalipa, unaondoka na risiti. Nadhani aliyeitunga sheria hiyo alitaka kulinda mali za watu waliopotea. Ilikuwa sheria nzuri ukiisoma. Lakini ilimpa anayesema kweli mlango uliofungwa, na anayesema uongo risiti siku hiyohiyo, na foleni ililielewa jambo hilo kabla kijana hajamaliza kulieleza. Mtu mmoja mbele yetu akasema, bila kumwambia yeyote, "Mimi hakuna ninayemjua." Wengine wakaitikia kama kanisani. Meza ya pili ilikaa bila mtu, isipokuwa jirani yetu muuza sabuni, aliyeenda pale akaketi, akavua kofia, akaanza kutaja majina. Wapo waliomcheka. Duka lake lilipigwa kashe mchana ule, na sikumwona tena akiuza sabuni.

Zamu yetu ilipofika, fomu niliijaza mimi, kwenye kona ya meza ya kwanza. Nilianza na jina la Mama Odeta, na nililiandika vizuri. Nilipofika kwenye sehemu ya mtu wa zamani nikainua kalamu.

"Andika hajulikani," alisema.

"Mama, jina liko ukutani kwetu."

"Najua lilipo."

Sikuandika. Aliinama karibu na sikio langu, na hakuwa mkali. Afadhali angekuwa mkali. "Godi. Miaka thelathini na mitano nimeishi kwa vibali vya watu. Kibali cha kukaa, kibali cha kuuza, kibali cha kwenda wilaya ya pili kumzika mtu. Leo karatasi ya nchi yangu inauliza jina langu. Nikienda meza ile watafunga. Mimi nitarudi wapi? Na wewe utalala wapi?"

Nilifikiria kile kitanda cha mbao nyekundu. Nilifikiria uji. Kwa Kifaransa neno lile lina herufi saba, na niliziandika zote kwa mwandiko wa kulalia kulia, nikijua jina la mtu, jina la dada yake, na udongo aliozibia tanuri. Kijana akagonga muhuri. Mama Odeta alishika risiti kwa mikono miwili, na njia nzima ya kurudi hakuiweka mfukoni. Nilitazama barabara nikisubiri kuhisi jambo, na sikuhisi lolote, isipokuwa njaa.

Wiki ileile mtaa ulianza kugonga misumari. Mama Odeta aliweka vioo, akachukua unga wa mwezi mzima, akamwita fundi. Mimi ndiye niliyemwambia udongo uchotwe bondeni na utiwe chumvi, na hakuniuliza nimejulia wapi. Ufa ukazibwa, moshi ukaisha. Kila mlango ulipata rangi, kila rangi ikapata kibao, na kibao kikatozwa ushuru wake, na watu wakalipa wakinung'unika kwa furaha, kama wenyeji. Nimefanya kazi ya kuandikia wafanyabiashara fomu zao kwa miaka mingi tangu hapo, na hadi leo siwezi kumsikiliza mtu anayesema kodi inaua biashara bila kuikumbuka wiki ile. Kodi ndiyo iliyotufanya tukae. Na tulikaa juu ya neno lile nililoliandika. Mambo hayo mawili yote ni kweli, na sijaweza kuyapatanisha.

Patanti ya Gaspard nilimwona Mama Odeta akiishusha ukutani na kwenda nayo nyuma. Aliporudi alisema ofisini amewaambia imeungua. Tanuri lilikuwa likiwaka. Sikuuliza. Ndani ya fremu ileile akaweka yake mpya, akakipangusa kioo kwa upindo wa khanga, akasimama akiitazama mpaka mikate ikaanza kunukia kuungua.

Asubuhi iliyofuata Verediana akaja. Akatazama juu, na safari hii nilijua anachotazama.

"Ile ya kwanza iko wapi?" aliuliza.

Mama Odeta alikuwa anapanga mikate na hakugeuka. "Waliichukua ofisini, mwanangu. Ndiyo sheria."

Verediana akanitazama mimi. Nilikuwa nafunga mkate wake kwenye gazeti, na nikaendelea kuufunga, kona kwa kona, kwa uangalifu ambao mkate hauhitaji. Akaweka fedha, akachukua mkate. Alikuja tena kesho yake, na keshokutwa, na kila siku hadi Krismasi, na kila siku niliufunga mkate wake bila kuinua macho. Januari niliacha kazi pale nikaenda kufundisha. Sababu nilizompa Mama Odeta zilikuwa za mshahara. Alinifungia mikate minne ya njiani na tukabaki tukisalimiana vizuri kwa miaka thelathini. Harusi yangu yeye ndiye aliyetoa mikate. Ile habari ya Jumatatu hatukuigusa kamwe. Alioka mpaka miguu ilipomkatalia, kisha akapangisha duka. Verediana nilisikia anaishi Batsinda. Kigali ni mji mdogo, nimemwona mara nyingi, kwenye foleni za benki, kwenye misa za maziko, na kila nilipomwona kabla hajaniona nilibadilisha upande wa barabara.

Jumamosi, siku ya nne ya kula nikitazamana na fremu, niligeuza upande wa nyuma nikatoa misumari kwa ncha ya kisu. Nyuma ya leseni ya Mama Odeta kulikuwa na karatasi ya mfuko wa unga, imekunjwa, na ndani yake patanti ya Gaspard. Hakuiunguza. Aliificha pale siku ileile, na kwa miaka yote kila aliyesoma jina lake ukutani alikuwa anasoma mbele ya jina la Gaspard bila kujua. Alimwambia Verediana uongo huku karatasi iko nusu mita juu ya kichwa chake. Unyevu ulikuwa umekula wino wa karani, na jina limebaki kivuli cha buluu. Saini ilikuwa safi, na mkia wake. Alama ya kidole ilikuwepo.

Nikaenda Batsinda siku hiyohiyo, nikijua nikilala sitaenda. Verediana amezeeka, anatembea kwa fimbo, kitambaa cha kichwani siku hizi ni cheupe. Alinifungulia mlango kama mtu aliyekuwa ananitegemea kwa chai ya saa kumi. Sebule ilikuwa ndogo na safi, viti vyenye vitambaa vya kufumwa, kuta hazina picha hata moja. Akaleta chai ya maziwa na mkate uliokatwa. Nilimpa karatasi kwa mikono miwili nikamwambia ilikotoka. Aliisogeza dirishani, akaisoma muda mrefu, akaweka gumba lake karibu na lile la mafuta, bila kuligusa.

"Alisaini haraka," alisema. "Mikate ilikuwa ndani."

Nikamwambia kuna jambo jingine. Nikamweleza habari ya ukumbi, meza mbili, na neno nililoliandika. Niliyasema yote kwa mpango mzuri, kama mtu anayesoma barua ya serikali. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Mwaka ya pili nilienda ofisi kuuliza ile tanuri. Wakatoa fomu. Nikaona mukono yako. Si ni wewe ulikuwa unaandika bei za mikate?"

"Na hukusema kitu."

"Nilikuwa nimechoka, dada. Nilirudi nyumbani." Akakoroga chai yake. "Sikurudi tena pale."

Nilimwambia kwamba sheria ipo, kwamba mimi ni shahidi, kwamba Jumatatu naweza kwenda naye na kusema mbele ya yeyote nilichokifanya. Alitikisa kichwa, si kwa kukataa wala kukubali, akasema Jumatatu iko mbali. Kisha akainuka, akafungua droo ya kabati, akarudi na kalamu ya buluu, akaiweka mezani mbele yangu pamoja na karatasi ya kaka yake.

"Jina imefutika," alisema. "Wewe uko na mukono muzuri. Andika tena, juu yake."

Nikasogeza kikombe. Nikafuata kile kivuli cha buluu, herufi moja baada ya nyingine, jina la kwanza na la pili, kwa mwandiko wa kulalia kulia. Ningependa kuandika hapa kwamba mkono ulitetemeka. Haukutetemeka. Verediana aliinama akapuliza wino ukauke, akalisoma jina kwa sauti, akanisogezea sahani ya mkate, akaniambia nile.